Taa za LED pwani yetu: kwa nini nyingine hufa mapema, na mwanga wake unamfikia nani

Fundi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaikum, ndugu zangu wa pwani.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu kuna swali ambalo wateja huja nalo mara kwa mara, kutoka Langoni, Mkomani na hata Shela: boksi la taa limeandikwa saa 25,000, mbona taa yenyewe imekufa kabla mwaka haujaisha? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa saa 25,000 kwa mtu anayewasha taa kwa saa tano kila usiku ni zaidi ya miaka 13. Jibu ninaloliamini, na ambalo ningependa tulijadili hapa kwa utulivu, ni kwamba katika taa ya LED kile kinachotoa mwanga mara nyingi kingeweza kuishi miaka hiyo yote, lakini kimefungwa pamoja na vitu visivyovumilia joto, au chenyewe kimelazimishwa kufanya kazi katika joto lisilokifaa. Mtu akilielewa jambo hilo ataelewa pia anunue taa gani, aifunge wapi, na kwa nini sifa ya LED ya kuhifadhi mazingira hupotea inapotupwa kila baada ya miezi michache.

Tuanze na namna inavyowaka. Balbu ya zamani ina uzi wa tangsteni ambao hupashwa moto na umeme hadi kiasi cha nyuzi 2,500 za Selsiasi, ukang'aa. Katika kila wati 100 zinazoingia, kama wati 5 tu ndizo zinazotoka zikiwa mwanga wa kuonekana kwa macho. Zilizobaki huongeza joto chumbani. LED haifuati njia hiyo hata kidogo. Ni kipande kidogo, au chipu, cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) chenye upana wa milimita moja hivi au pungufu, kilichoundwa kwa tabaka mbili: moja ina elektroni za ziada, na nyingine ina nafasi zilizokosa elektroni, ambazo wanafizikia huziita matundu. Umeme ukipitishwa kwa upande unaofaa, elektroni huvuka mpaka wa tabaka hizo na kuangukia matunduni, na nishati inayopotea katika kuanguka huko ndiyo inayotoka ikiwa mwanga. Kimo cha kuanguka ndicho kinachoamua rangi. Mtu akiteremka kidato kifupi hatua yake hushuka kwa wepesi, na akiteremka kirefu hutua kwa kishindo; vivyo hivyo semikondakta yenye kidato kifupi hutoa mwanga mwekundu, na yenye kidato kirefu hutoa mwanga wa buluu.

Mwekundu ulipatikana mapema. Nick Holonyak aliuonyesha mwaka 1962 akiwa katika kampuni ya General Electric kule Marekani. Wa buluu uliwashinda watafiti kwa takriban miaka 30, kwa sababu kutengeneza fuwele safi ya galiamu nitridi, semikondakta inayotoa mwanga huo wa buluu, kulikuwa kugumu mno, na wengi waliiacha kazi hiyo wakaenda kutafuta malighafi nyingine. Wajapani watatu hawakuiacha: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano katika Chuo Kikuu cha Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa tuzo zilizoifikia nyumba ya mtu wa kawaida upesi kuliko nyingine. Bila buluu hakuna nyeupe. Taa nyeupe tunazozinunua madukani huwa na chipu ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa fosfa wa manjano; sehemu ya mwanga wa buluu hupenya, sehemu nyingine hugeuzwa manjano na unga huo, na macho yetu hupokea mchanganyiko wake kuwa ni weupe. Ndiyo maana ukiitazama chipu ya LED ikiwa imezimwa unaona kiraba cha manjano.

Sasa faida yake. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa mwanga wa lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka), na LED ya wati 8 hadi 10 hutoa kiasi hicho hicho. Nyumba yenye balbu nne za wati 60 zinazowaka kwa saa tano kila usiku hutumia yuniti 36 kwa mwezi wa siku 30. Ukiweka LED za wati 9 mahali pake, matumizi hushuka hadi yuniti 5.4. Anayenunua tokeni anaijua tofauti hiyo bila ya kuelezwa.

Hata hivyo LED hutoa joto, na hapa ndipo wengi tunapodanganyika, kwa sababu mwanga wake hauchomi mkono. Katika umeme unaoingia, sehemu kubwa, pengine nusu au zaidi katika taa za kawaida, bado hugeuka joto. Ila balbu ya zamani hulirusha joto lake nje pamoja na mwanga, ilhali LED hulibakiza mgongoni mwa chipu. Joto hilo halina njia isipokuwa kupita katika bamba la alumini, kisha katika kiwiliwili cha taa, kisha hewani. Taa nzuri huwa na uzito mkononi kwa sababu ya chuma hicho. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini siku hizi ni plastiki tupu yenye karatasi nyembamba ya alumini ndani.

Anayetaka kuhakikisha, achukue balbu iliyokufa, aitoe kwenye holda, kisha akibandue kile kifuniko cheupe kwa bisibisi bapa. Atakuta bamba la duara lililopangwa viraba vya manjano. Avitazame kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Mara nyingi kimojawapo kitakuwa na nukta nyeusi katikati, ndogo kama ncha ya kalamu, na pembeni yake unga wa manjano umegeuka kahawia. Chipu hiyo moja ndiyo iliyoizima taa nzima, kwa kuwa zote zimefungwa kwa mfululizo, umeme ukitoka kwenye hii ndipo uingie kwenye ile. Zilizobaki kwa kawaida ni nzima kabisa. Asipoiona nukta hiyo, aangalie saketi iliyo chini inayozipa chipu umeme, ambayo mafundi tunaiita draiva, atafute kapasita, kile kipipa kidogo chenye majimaji ndani, na pengine atakikuta kimevimba kichwani.

Wenye uzoefu wa Malindi, Faza, Kiwayu na kwingineko, karibuni mseme.

Mama wa Shela

Waalaikum salaam, Fundi, na ahsante kwa maelezo. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na dari ya boriti, na taa zote za ukumbini zimo ndani ya matufe ya kioo yaliyofungwa, kwa ajili ya wadudu. Nimeweka za wati 15 nikidhani zenye nguvu zaidi zitadumu zaidi. Mbona za jikoni, ambazo zinaning'inia wazi na ni za wati 7, zimezishinda hizo kwa umri? Na je, hiyo saa 25,000 inapimwaje, ikiwa taa yenyewe haijakuwako duniani kwa muda huo?

Fundi wa Langoni, Lamu

Mama yangu, umeliuliza swali na ushahidi umeuleta mwenyewe. Taa ya jikoni inapata hewa, ya ukumbini imefungiwa pamoja na joto lake. Taa ya wati 15 ndani ya tufe lililozibwa, juu kabisa karibu na dari ambako hewa moto ya chumba hukusanyika, katika mji ambao mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, haina pa kupumulia. Wahandisi wana kanuni wanayoitumia kwa kapasita za draiva: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri hupungua kwa nusu. Kapasita iliyoundwa kudumu saa 5,000 katika nyuzi 105 itafika takriban saa 20,000 ikikaa katika nyuzi 85, na itafika saa 10,000 tu ikikaa katika nyuzi 95. Nyuzi 10 hizo ndizo tufe linazoziongeza, na wakati mwingine huongeza zaidi. Ukitaka kubaki na matufe, weka taa za wati 5 au 7, mbili mahali pa moja, au tafuta zilizoandikwa kwamba zinafaa kufungiwa. Ukiweza, acha tundu la hewa upande wa juu wa tufe na uzuie wadudu kwa wavu mwembamba wa chuma.

Kuhusu kipimo cha saa: hakuna anayeisubiri taa miaka 13. Chipu huwashwa maabara kwa saa 6,000 au zaidi katika joto linalodhibitiwa, mwanga wake hupimwa jinsi unavyofifia, kisha hukadiriwa ni lini utabaki asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo. Saa hiyo ndiyo huandikwa kuwa umri wa LED, kwa sababu LED yenyewe haina uzi wa kukatika; hufifia polepole. Mnaona tatizo lilipo. Namba ya boksini mara nyingi ni ya chipu katika joto la maabara, lakini anachokinunua mtu ni taa nzima yenye draiva, kapasita na viungo vya lehemu, na anaifunga Lamu.

Pia tuache kununua kwa wati. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ndiyo mwanga unaotoka. Taa mbili za wati 9 zinaweza kutofautiana sana, moja ikatoa lumeni 600 na nyingine 1,000, na ile yenye lumeni nyingi kwa wati zile zile ndiyo pia inayobakiza joto dogo ndani yake. Boksi lisiloandikwa lumeni mimi hulirudisha rafuni.

Mwalimu wa fizikia, Malindi

Assalaam alaikum nyote. Fundi amefafanua vizuri, na nakubaliana naye katika mengi, ila naona amelitwisha joto mzigo wote. Hapa Malindi umeme unapokatika na kurudi ghafla, taa hufa zikiwa baridi kabisa. Volti zinaweza kupanda kwa muda mfupi sana juu ya 240 tunazozitarajia, na draiva isiyo na kinga huungua papo hapo. Ningependa tulitenganishe hilo.

Jambo la pili ni kwamba wanafunzi wangu huniuliza kama viwanda hufanya makusudi. Historia ipo. Desemba 1924 makampuni makubwa ya taa ya dunia yalikutana Geneva yakaunda umoja ulioitwa Phoebus, na miongoni mwa makubaliano yao lilikuwa kuufanya umri wa balbu uwe saa 1,000, ingawa wakati huo balbu nyingine zilikuwa zinadumu kuliko hapo. Waliozidisha walitozwa faini. Umoja huo ulivunjika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa LED sihitaji kudhani kuna mkutano wa siri. Bei peke yake inatosha kueleza. Chipu hugharimu pesa. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya chini hutumia chipu chache na kupitisha umeme mwingi katika kila moja ili mwanga ufike kiasi kilichoandikwa. Chipu ikisukumwa hivyo hupata hasara mara mbili, kwa sababu galiamu nitridi hupunguza ufanisi kadiri umeme unavyoongezeka, na ule usiogeuka mwanga huwa joto.

Ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana uko ng'ambo ya bahari yetu hii. Mwaka 2016 kampuni ya Philips ilitangaza taa iliyotengenezwa kwa ajili ya manispaa ya Dubai, ya lumeni 200 kwa kila wati, maana yake taa ya wati 3 inatoa lumeni 600. Siri yake si malighafi mpya. Waliweka chipu nyingi zaidi na kuzipitishia umeme mdogo, hivyo kila moja hufanya kazi kwa utulivu na hubaki baridi. Serikali ya mji iliamua kudai kitu hicho, na kiwanda kikakitengeneza.

Mwenye duka la vifaa vya umeme, Malindi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mtuhurumie na sisi wauzaji. Mimi huweka aina mbili rafuni, nzito na nyepesi, na mteja akisikia bei ya nzito huchukua nyepesi tatu. Nikimwambia kuhusu lumeni, huniambia anataka inayowaka. Nimeanza kuziwasha zote mbili kwenye kaunta kwa muda kisha namwachia mteja aziguse shingoni, na hapo wengine hubadili nia. Dhamana ya miaka miwili iliyoandikwa na mwagizaji, pamoja na risiti, naiona ni kipimo bora kuliko saa za boksini.

Fundi wa Langoni, Lamu

Mwalimu, nakubali kuhusu volti, na kuna njia ya kutofautisha. Joto huua taa moja moja, ile ya ukumbini leo, ile ya ngazini mwezi mwingine. Umeme unaporudi kwa kishindo huua kadhaa usiku mmoja, na mara nyingi pamoja na chaja ya simu au kidhibiti cha friji. Anayepata hali hii ya pili asibadilishe taa tu, aweke kinga ya volti kwenye boksi kuu na ahakikishe waya wa ardhi upo na umefungwa sawasawa.

Kwa sisi wa visiwani niongeze chumvi. Taa za barazani na za roshani zinazotazama bahari huota kutu ya kijani kwenye pini za shaba za holda, mguso unakuwa mbaya, cheche ndogo ndogo zinaruka ndani, na joto linaanzia huko. Nje tumieni taa zilizozibwa zenye alama ya IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na holda zikaguliwe kila baada ya msimu wa kusi.

Dada mmoja ameniandikia kando kuuliza kuhusu taa inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa. Mara nyingi swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wenye umeme, au swichi yenyewe ina kijitaa cha kuonyesha mahali ilipo. Balbu ya zamani isingeonyesha chochote, lakini LED huhitaji umeme mdogo mno ili iwake, kwa hivyo huufichua ufungaji mbaya. Kwenye nyutro ni hatari, kwa kuwa holda inabaki na umeme hata swichi ikizimwa. Ita fundi arekebishe.

Mlinzi wa viota vya kasa, Kiwayu

Naomba nafasi niulete mwanga wenyewe katika mazungumzo, kwa sababu mpaka sasa tumezungumza juu ya taa kudumu na gharama zake, na hatujauliza mwanga ukitoka unakwenda wapi.

Kasa jike hupanda pwani usiku, akachimba, akataga, akafukia, akarudi baharini. Mayai hukaa mchangani kwa takriban siku 60. Vifaranga nao hutoka usiku, wengi kwa pamoja, na hawafuati harufu ya maji wala sauti ya mawimbi. Hufuata upande wa upeo ulio chini na wenye mwanga zaidi. Katika pwani isiyo na taa upande huo ni bahari daima, kwa kuwa maji hurudisha mwanga wa nyota na mwezi, ilhali nyuma yao kuna vichaka na vilima vya mchanga vilivyo giza. Ukiwasha taa nyeupe mita mia nyuma ya kiota, umeugeuza ulimwengu wao. Nimewahi kufuata alama zao asubuhi: mistari membamba ya mapezi kutoka kwenye shimo la kiota, yote ikielekea nchi kavu, ikizunguka chini ya nguzo ya taa, ikipishana na kurudiana hadi haina tena mwelekeo, na kando yake nyayo za kaa na za kunguru. Jua likishachomoza, mchanga wenyewe unawamaliza waliobaki. Kasa jike naye huikwepa pwani yenye mwanga mkali, akatafuta mahali pengine ambapo huenda maji kujaa hufika na kuyaozesha mayai.

Hifadhi ya Bahari ya Kiunga imewekwa tangu mwaka 1979, na humo na katika pwani zetu nyingine hutaga kasa wa kijani, na ng'amba pia. Sheria hulinda eneo. Mwanga hauheshimu mpaka wa hifadhi, na nyumba za wageni zinaongezeka kila upande wa pwani ya Lamu na Malindi.

Fundi ameeleza kwamba LED nyeupe ni chipu ya buluu iliyofunikwa. Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu macho ya kasa huuona sana mwanga wa buluu na wa kijani, na hupungukiwa na ule wa manjano mbivu na mwekundu. Taa ya zamani ya sodiamu, ile ya rangi ya chungwa, ilikuwa na madhara madogo kwao kuliko hizi mulika mwizi nyeupe tunazoletewa sasa. Tumepata taa inayookoa umeme, na wakati huo huo tumeangaza mahali ambapo palikuwa giza kwa sababu kuangaza kumekuwa rahisi. Naiona hasara hiyo kila msimu wa kutaga, na siwezi kuiita ndogo.

Msimamizi wa nyumba ya wageni, Shela

Kaka, maneno yako yamenigusa, lakini wageni wetu wanataka usalama, na mwenye nyumba anataka pwani ionekane. Tufanye nini ambacho si kuzima kila kitu?

Mwalimu wa fizikia, Malindi

Hapa LED ina uwezo ambao hakuna taa iliyotangulia ilikuwa nao, na ndiyo sababu sitaki ihukumiwe kwa aina moja. Rangi yake huchaguliwa kiwandani. Zipo LED za rangi ya kaharabu, yaani manjano mbivu, zinazotoa mwanga wa kiasi cha nanomita 590 (kipimo cha wimbi la mwanga; namba ikipanda, rangi huondoka kwenye buluu kuelekea wekundu), bila buluu ndani yake, na wahifadhi wa kasa hushauri kila taa inayoonekana kutoka pwani iwe na mwanga wa nanomita 560 kwenda juu. Hiyo si sawa na taa nyeupe ya kawaida iliyopakwa rangi ya manjano juu ya kioo, ambayo huendelea kuvujisha buluu.

Kama kaharabu haipatikani madukani, angalieni namba yenye herufi K kwenye boksi. Namba 6,500 ni nyeupe yenye buluu nyingi. 2,700 ni ya manjano-manjano na ina buluu chache zaidi, ingawa bado ipo. Tofauti hiyo inamhusu na binadamu. Katika jicho zipo chembe zinazoupima mwanga wa buluu na kuuarifu ubongo kwamba bado ni mchana, na hapo homoni ya melatonini, inayoutayarisha mwili kulala, huchelewa. Taa ya 6,500 inafaa duka au darasa, lakini chumba cha kulala cha mtoto hakiihitaji.

Fundi wa Langoni, Lamu

Ndugu msimamizi, nimezifunga taa za namna hiyo katika nyumba zilizo karibu na maji, na utaratibu ninaoufuata ni huu. Kwanza huteremka pwani usiku na kutazama nyumba kutoka pale kasa anapopandia. Kila chipu ninayoiona kwa macho, kasa ataiona. Taa hizo ndizo zinazoshughulikiwa. Zinashushwa kutoka juu ya ukuta hadi kimo cha goti kando ya njia, zinatiwa kifuniko kinachoelekeza mwanga chini, na zinafungwa kihisio ili ziwake mtu anapopita tu. Taa za mirija iliyosokotwa zilikuwa zikifa haraka kwa kuwashwa na kuzimwa hivyo mara nyingi usiku mmoja; LED haijali, na huwaka papo hapo. Mlinzi wa usiku huona vizuri zaidi katika mwanga mdogo uliotulia kuliko penye taa kali inayompofusha, kwa sababu nyuma ya taa kali kuna giza asiloweza kulipenya.

Mvuvi wa Kizingitini

Shikamooni wakubwa. Sisi huku tulikulia kandili na koroboi, na karabai kwa mwenye uwezo. Leo watoto wanasoma kwa taa ya sola na hakuna anayelala na moshi kifuani, kwa hivyo mimi LED naiombea dua. Lakini betri na taa zilizokufa zimejaa nyuma ya nyumba. Wengine huzichoma. Tuzipeleke wapi? Na tuambiwe pia kuhusu kutumia taa za volti 240 kwenye sola kwa mashine ya kubadili umeme, kwa sababu betri inaisha kabla ya alfajiri.

Fundi wa Langoni, Lamu

Marahaba, na umesema neno zito. Koroboi huyageuza mafuta ya taa kuwa masizi mengi kwa mwanga hafifu, na kuiondoa nyumbani ni faida kubwa kuliko faida yoyote ya LED kwa mtu wa mjini aliyekuwa na umeme tayari. Kwa mjini hesabu ni nyingine. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo moshi tunaouepusha kwa kila yuniti si mwingi kama wa nchi inayochoma makaa ya mawe. Na kadiri umeme unavyokuwa safi, ndivyo uchimbaji wa madini, utengenezaji na utupaji wa taa unavyochukua sehemu kubwa ya madhara yake yote. Taa inayokufa kila mwaka haiwezi kudai sifa ya taa iliyodumu miaka 10.

LED haina zebaki. Ile ya mirija iliyosokotwa inayo, miligramu chache tu, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2022 kwamba nyingi za aina hiyo zisitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi baada ya mwaka 2025. Aliye nazo bado asizivunje. Ikivunjika, fungueni madirisha, watoto watoke, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na kutiwa kwenye chupa yenye kifuniko, na fagio lisitumike kwa sababu hutawanya. LED nayo ina lehemu ambayo huenda ikawa na risasi, ina plastiki na shaba. Ikichomwa, moshi wake ni sumu, na mvua hupeleka majivu baharini. Betri ndizo mbaya zaidi. Zile za asidi zina bei, wanunuzi wa vyuma chakavu huzichukua. Msizipasue wala kumwaga asidi. Za lithiamu zisichomwe kamwe, zitengwe katika ndoo kavu yenye mchanga hadi ipatikane safari ya kuzifikisha kwa wanaopokea taka za umeme.

Taa za volti 240 zenyewe nyingi zinatengenezeka. Chipu moja iliyoungua inaweza kubadilishwa kwa nyingine ya volti sawa. Wapo wanaoziba pengo kwa tone la lehemu, na taa huwaka, ila sehemu zilizobaki zinaweza kubeba mzigo wa ile iliyotolewa na kupata moto zaidi. Ninachokipenda zaidi ni kuiondoa rizista moja kati ya mbili zinazopima umeme kwenye draiva, ili chipu zipokee umeme mdogo. Mwanga hupungua, na joto hupungua zaidi, na hiyo ni ile ile hekima ya taa ya Dubai aliyoieleza Mwalimu. Kazi hiyo ifanywe na fundi pekee, kwa kuwa saketi hizo hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, na bamba linaloonekana limepoa linaweza kuua.

Kuhusu sola, kaka: mashine ya kubadili umeme hula hata pasipo taa yoyote, na kila umeme unapobadilishwa sehemu yake hupotea. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na ukitaka idumu usiitumie kupita nusu, yaani wati-saa 42. Taa moja ya wati 5 ya volti 12, iliyofungwa moja kwa moja kwenye kidhibiti cha sola, itawaka kwa zaidi ya saa nane. Ukiipitisha kwenye mashine inayokula wati 5 kwa ajili yake yenyewe, saa hizo zinakuwa nne. Nunua taa za volti 12, tumia waya mnene kwa sababu volti ndogo hupotea njiani, na ufunge fyuzi karibu na betri kabla ya kitu kingine chochote.